Meli mbili, GPS ya uongo na kompyuta ndogo ya rada: hivi nani alikuwa anaangalia?

Nimekuwa kimya kwa muda, mambo ya kuhangaikia mkate hayo, mnaelewa. Leo naomba tuache siasa za nyumbani tuzungumzie bahari. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu mwaka 2025, na kila nikilitafuta magazetini nakuta mistari minne tu halafu tangazo la sabuni.

Jumanne ya tarehe 17 Juni 2025 meli mbili za mafuta ziligongana katika Ghuba ya Oman, kiasi cha maili 24 kutoka pwani ya Falme za Kiarabu, si mbali na lango la Hormuz. Moja inaitwa Front Eagle, dude kubwa lililokuwa na mapipa karibu milioni mbili ya mafuta ghafi. Nyingine ni Adalynn, yenyewe ilikuwa haina mzigo. Moto ukawaka. Walinzi wa pwani wakawaokoa watu 24 wa Adalynn.

Sasa kumbukeni siku zile. Vita vya Israel na Iran vilikuwa vimeanza tarehe 13, siku nne tu kabla. GPS ya eneo lote ilivurugwa, mamia ya meli zikawa zinaonekana kwenye ramani za mtandaoni mahali ambapo haziwezi kuwa. Hiyo Front Eagle yenyewe siku mbili kabla ya ajali ilionekana iko nchi kavu ndani ya Iran! Meli ya mafuta, nchi kavu, bila matairi.

Basi kila mtu akasema GPS ndiyo mchawi. Lakini Wizara ya Nishati ya Falme za Kiarabu ikatoa taarifa kwamba dalili za awali zinaonyesha moja ya meli ilikosea katika uamuzi wa kuongoza chombo. Yaani mtu. Hapo ndipo nikajiuliza swali la kitoto: kama GPS ilikuwa imechafuka, hivi rada zilikuwa wapi? Kwa sababu rada haihitaji GPS ili ijue kuna lidude liko mbele yako.

Tuelewane kwanza, maana wengi tunachanganya na mimi nilikuwa mmoja wao. Ile tovuti ya MarineTraffic ambayo mnaifungua kutazama meli zilizopanga foleni nje ya bandari ya Dar, ile si rada. Inatumia AIS, mtambo ambao kila meli inajitangaza yenyewe kwa redio: jina langu fulani, niko hapa, naelekea kule. Na hiyo "niko hapa" imetoka kwenye GPS. AIS ni sawa na jamaa anayekupigia simu akwambie "nipo Ubungo nakaribia" kumbe bado yuko kitandani Mbagala anatafuta soksi. Rada ni wewe mwenyewe kusimama barabarani ukamwona anakuja au hayupo. Inatuma mawimbi, yanagonga chuma, yanarudi. Muda wa kwenda na kurudi unakupa umbali, na upande ambao antena imeelekea unakupa mwelekeo. Hakuna wa kumuomba ruhusa.

Tatizo ni kwamba rada yenyewe inakupa nukta tu. Nukta haisemi inakwenda wapi. Na nukta ambayo kwenye skrini inaonekana inashuka kuja kwako inaweza kuwa meli inayokwenda njia nyingine kabisa, wewe ndiye unayeikimbilia. Hapo inahitajika hesabu, na hesabu yenyewe ni ya sekondari, zile vekta mlizokuwa mkizikimbia pamoja na ile mada ya dunia kama tufe yenye maili za bahari na noti. (Noti hapa si za benki, ni kasi: maili moja ya bahari kwa saa.)

Zamani ofisa wa zamu alikuwa anaifanya kwa penseli. Anatazama nukta, anaiandika. Anasubiri dakika 6, anaandika tena. Kwa nini 6? Kwa sababu ni sehemu ya kumi ya saa, ukizidisha umbali kwa kumi umepata noti, hakuna haja ya kalkuleta. Tuseme nukta ilikuwa maili 12, baada ya dakika 6 iko maili 10, baada ya nyingine 6 iko maili 8, na upande wake haujabadilika hata nyuzi moja. Inakukaribia kwa noti 20. Zimebaki maili 8. Gawanya: dakika 24 mnagongana. Upande haubadiliki na umbali unapungua, hiyo ndiyo alama ya kifo baharini, na imo hata kwenye kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za mwaka 1972. Kanuni hizohizo zinasema usikisie kwa taarifa chache, hasa taarifa chache za rada.

Sasa fikiria uko zamu usiku, ukungu, meli saba kwenye skrini, na kila moja inataka penseli yake na dakika zake 6. Mtu anachoka. Mtu anasema "aah, hii itapita tu."

Na ndivyo ilivyotokea usiku wa tarehe 25 Julai 1956, karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani. Andrea Doria, meli ya abiria ya Italia iliyokuwa fahari yao, inakwenda New York ndani ya ukungu kwa karibu noti 22. Stockholm ya Sweden inatoka New York. Waitaliano waliiona Stockholm kwenye rada ikiwa maili 17 hivi. Maili 17! Muda ulikuwepo wa kunywa chai. Lakini hawakuchora, walitazama kwa macho wakaamini watapishana kulia kwa kulia. Upande wa Stockholm ofisa kijana alichora, akaona watapishana kushoto kwa kushoto. Wako wataalamu waliosema baadaye kwamba huenda alisoma vibaya kipimo cha umbali cha rada yake. Mwisho mmoja alikata kushoto, mwingine kulia, wakakutana. Walikufa watu 51 ukijumlisha meli zote mbili, na Andrea Doria ikazama asubuhi yake. Kampuni zikamalizana nje ya mahakama, hakuna hakimu aliyewahi kusema nani alikosea.

Mabaharia wakawa na msemo mchungu kwamba hii ni ajali iliyosaidiwa na rada. Na kweli, bila rada pengine wangepunguza mwendo.

Majeshi yalikuwa yameshaiona shida hii mapema, wao wakiwaza ndege za adui. Wanamaji wa Canada walikuwa na mradi unaoitwa DATAR, wakaujaribu mwaka 1953 katika Ziwa Ontario. Kompyuta ilijaza chumba, maelfu ya vali za kioo, joto kama tanuri la mikate. Ili kuiwekea alama nukta kwenye skrini walitumia mpira wa mchezo wa kuangusha vigingi, unauzungusha kwa kiganja. Kile kimpira kilichokuwa chini ya mausi za zamani za hapa kafe, zile za kusugua na kitambaa, ni ndugu yake. Lakini mtambo wa namna ile hakuna mwenye meli ya kubeba kahawa angeununua.

Mabadiliko yalikuja pale kompyuta ilipopungua mwili. Mwaka 1969 meli ya mizigo Taimyr ya Wanorwe, iliyojengwa Japan, ilifungwa mtambo wa kampuni ya Norcontrol, na ndani yake kulikuwa na kompyuta ndogo aina ya Nord-1 iliyotengenezwa na Norsk Data, kampuni iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu. Ndogo kwa wakati ule maana yake kabati. Kumbukumbu yake yote haifikii picha moja unayopiga na simu yako. Lakini ilitosha kufuatilia nukta na kusema ipi itagongana nawe. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa ya mitambo ambayo leo inaitwa ARPA. Marekani ikapitisha sheria yake ya bandari na meli za mafuta mwaka 1978, mwaka uliofuata shirika la UN la mambo ya bahari likaweka viwango, na kuanzia tarehe 1 Septemba 1984 kila meli mpya ya tani 10,000 na kuendelea ilipaswa kuwa nayo. Kuanzia Andrea Doria mpaka hapo ni miaka 28. Ndiyo kasi ya sheria hiyo, sijui ni noti ngapi.

Naomba nikae kidogo kwenye jinsi inavyofanya kazi, maana ndipo uhondo ulipo. Antena ya kawaida inazunguka kama mara 24 kwa dakika, kila sekunde mbili na nusu unapata picha mpya. Ofisa anaiwekea alama nukta. Kompyuta inaizungushia kidirisha. Picha ikija tena, haitazami bahari nzima, inatazama ndani ya kidirisha tu: nukta imesogea wapi? Inakadiria kasi, halafu inabashiri picha ijayo nukta itakuwa wapi, na inakihamishia kidirisha huko kabla nukta haijafika. Ikikosea kidogo, inajirekebisha, lakini haimezi kosa lote, maana mwangwi wa rada unatetemeka. Haiamini kila inachokiona, na haiamini kila ilichobashiri, inakaa katikati. Kadiri inavyozidi kuwa na uhakika inakifanya kidirisha kuwa kidogo. Kwa mujibu wa viwango, ndani ya dakika moja iwe imekuonyesha mwelekeo wa jumla, ndani ya dakika tatu ikupe jibu kamili: mtakaribiana umbali gani, baada ya dakika ngapi. Mwangwi ukikatika haifi moyo, ikiuona mara tano kati ya kumi inaendelea. Kwa meli kubwa za leo inafuatilia angalau vyombo 40 kwa mkupuo. Kichwa changu mimi kikifuatilia daladala mbili tu tayari nimepanda ya njia nyingine.

Lakini ona udhaifu wake. Vyombo viwili vikipita karibu sana, kidirisha kinaweza kuruka kutoka chombo kimoja kwenda kingine, ukadhani unafuatilia meli kumbe umehamia kwenye boya. Meli nyingine ikikata kona ghafla, mshale kwenye skrini unaendelea kuonyesha njia ya zamani kwa muda, maana kompyuta haikurupuki. Na kubwa zaidi, inafuatilia kile ilichoambiwa au kile inachokiona. Nukta ambayo haipo kwenye skrini haina kidirisha wala kengele.

Mfano ninaopenda kuwapa wale wanaosema "tatizo letu ni vifaa tu". Tarehe 17 Juni 2017, miaka minane kamili kabla ya Adalynn, manowari ya Marekani USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena ACX Crystal karibu na Japan, usiku wa manane. Mabaharia saba walikufa. Ripoti ya jeshi lenyewe ilisema rada hazikurekebishwa ipasavyo na watu wa zamu hawakuzijua vizuri. Taifa lenye pesa kuliko wote, mtambo wa mamilioni, na lijimeli la makontena halikufuatiliwa.

Kwa hiyo narudi Ghuba ya Oman. Hoja yangu ni hii, na mnaruhusiwa kunipinga: GPS ikivurugwa, AIS inakuwa porojo, lakini hesabu ya rada inabaki safi kwa sababu inatumia mwangwi wake, dira na kifaa cha kupima mwendo wa meli. Kosa la leo ni kwamba mabaharia wamezoeshwa kuona jina la meli likiwa limeandikwa vizuri kwenye skrini, wakasahau kuilinganisha na nukta. Jina likiwa nchi kavu Iran na nukta ikiwa mbele yako maili tano, iamini nukta. Kutotazama kwa mtu huwezi kukutupia GPS peke yake.

Sasa nije nyumbani, maana msije mkasema nawapeleka Uarabuni bure. Nina mjomba anavua dagaa na samaki wengine nje ya Dar kwa mashua ya mbao. (Yeye naye ananiita mjomba, ndivyo tunavyoitana.) Nilimweleza yote haya nikijiona msomi. Akanisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Mjomba, na mimi hapo kwenye hiyo kompyuta nipo?"

Nikakosa jibu. Kwa sababu jibu ni kwamba mara nyingi hayupo. Mbao hairudishi mawimbi kama chuma. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, mawimbi yenyewe ya maji yanarudisha mwangwi, skrini inajaa vumbi karibu na meli, ofisa anazungusha kitufe cha kulifuta vumbi na mashua inafutika pamoja nalo. AIS mjomba hana, hakuna sheria ya kimataifa inayomtaka awe nayo. Sheria inadai rada kwa meli za tani 300 na kuendelea na zile za abiria, mtambo wa kufuatilia wenyewe kuanzia tani 500, ARPA kamili tani 10,000. Mashua ya mjomba hata ukiijaza samaki na wajukuu wake wote haifiki tani kumi. Alinisimulia usiku mmoja alisikia muungurumo kabla hajaona taa, akakata kamba ya nyavu na kisu ili atoke njiani. Nyavu zikaenda. Meli haikujua lolote, iliendelea zake. "Wao wana mashine ya kuniona," anasema, "mimi ndiye ninayewaona."

Kuna mambo mawili yanayonipa moyo. La kwanza ni la watu kama sisi. Kompyuta ya Raspberry Pi, ile ndogo kama kadi, ilianza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35, na ina nguvu kuliko Nord-1 mara nyingi sana. Ipo programu ya bure ya ramani za bahari inaitwa OpenCPN, na watu wamejitolea kuiandikia kiongezo cha rada. Rada ndogo za boti za siku hizi, za Navico na Garmin kwa mfano, zinatuma picha yake kwa waya wa mtandao, uleule unaoingia nyuma ya kompyuta unayotumia hapo ulipo. Jamaa walikaa wakachunguza pakiti moja moja mpaka wakaelewa lugha yake, na sasa kile kikompyuta kinachora picha, kinafuatilia nukta, na kinapiga kelele kitu kikiingia eneo uliloliweka. Boti ya abiria ndogo au ya doria ingeweza kuwa nayo. Bado rada yenyewe ni dola elfu moja na zaidi, inahitaji dira nzuri ya elektroniki, la sivyo boti ikiyumba nukta zote zinayumba nayo na hesabu zinakuwa takataka. Na haijapitishwa kisheria kuchukua nafasi ya mtambo wa meli. Lakini kijana aliyesoma hesabu za sekondari anaweza kuisoma programu hiyo mstari kwa mstari, imewekwa wazi.

La pili ni la bei ya mjomba. Chukua mabati matatu bapa, uyaunge yasimame wima kwa kila mojawapo kama pembe ya chumba. Mpira ukirushwa kwenye pembe ya chumba unakurudia mwenyewe, na mawimbi ya rada yanafanya hivyohivyo. Siri ni mbili: pembe ziwe za nyuzi 90 kweli, sio za kukadiria, na ukubwa. Ukiongeza urefu wa upande mara mbili, mwangwi unaongezeka mara 16, hesabu ndiyo inavyosema. Ukitundika juu ya mlingoti, vile vidirisha vya kompyuta za mamilioni vinapata kitu cha kushika. Nimeongea na fundi bati wa mtaani, anasema kazi ya nusu siku, ameniuliza tu kama ni antena ya TV.

Mjomba amekubali kulitundika, kwa masharti kwamba likimchania tanga nalipa mimi.

Muda wangu hapa kafe umebaki dakika nne na jamaa wa kaunta ananiangalia. Wale mlioko melini, na wale mnaosoma ubaharia Dar na Mombasa, naomba mtuambie hapo chini kwenye maoni bila kuona haya: ukiwa zamu usiku unakaribia pwani yetu, zile nukta dhaifu zinazokuja na kupotea, huwa unaziwekea alama au unazungusha kitufe?